Mchwa wa Visiwani na Nasaba Yao

Mwezi uliopita bwana mmoja, mwanachama mwenzetu, alinijia nyumbani baada ya sala ya alasiri na kopo la maziwa ya unga mkononi. Ndani ya kopo mlikuwa na udongo mwekundu, kipande cha gome la mkarafuu, na wadudu tele. "Mzee," akaniambia, "hawa chungu wananimalizia mikarafuu. Nimekwisha wamwagia dawa mara mbili na hawasikii." Nikamwaga kopo lile juu ya sinia. Wadudu walikuwa wa aina mbili. Walikuwamo mchwa, weupe, wanene wa tumbo, wakihangaika kutafuta kiza. Na walikuwamo majimoto wachache, kila mmoja amembana mchwa wake kwa meno anamvuta. Nilipomwuliza dawa aliimwaga wapi, akasema aliimwaga juu mtini, penye viota vya majani yaliyoshonwa. Maskini, bwana yule alikuwa amewaua walinzi na kuwaacha wezi.

Habari hii ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Bwana yule amepoteza mikarafuu minne iliyopandwa na babu yake, na mkarafuu wa umri ule haununuliwi dukani. Ukipanda mche leo utangoja miaka sita hadi minane kabla ya kuona karafuu za kwanza, na miaka mingi zaidi kabla haujawa mti wa kukodisha. Kosa lake halikuwa uvivu, maana dawa aliinunua na ngazi aliipanda. Kosa lake lilikuwa kutomjua adui wake ni nani na wa ukoo gani. Basi naomba subira ya wanachama nieleze umbo la mchwa na nasaba yake, maana dawa imo humo.

Wala bwana yule si wa kwanza kukosea. Waingereza tangu zamani waliwaita wadudu hawa "chungu weupe". Henry Smeathman, aliyekaa Afrika ya Magharibi na kuandika habari zao kwa wataalamu wa London mwaka 1781, alivipima vichuguu, akavipasua, akamtoa malkia chumbani mwake, na bado jina lile la chungu halikutoka. Kiswahili hakikufanya kosa hilo. Chungu ana jina lake na mchwa ana lake, na hata mchwa mwenye mabawa tumempa la peke yake, kumbikumbi. Sisi tunaolima ndio tunaosahau.

Mwanachama aliye na macho mazuri, au miwani mizuri, na aweke mchwa mmoja na chungu mmoja katika sahani nyeupe. Atazame kwanza kiuno. Chungu amekatika kiunoni kama nyigu. Kati ya kifua na tumbo pana kijiuzi chembamba. Mchwa hana kiuno. Tumbo limeungana na kifua kwa upana wake wote, kama gunia lililofungwa ovyo. Kisha atazame pembe za kupapasia zilizo kichwani. Za chungu zimepinda katikati kama kiwiko cha mkono. Za mchwa zimenyooka, na kwa kioo cha kukuzia utaona zimetungwa punje kwa punje kama tasbihi. Ukiwapata wenye mabawa, tofauti ni nyepesi zaidi: kumbikumbi ana mabawa manne yaliyo sawa, marefu kupita mwili wake, nayo hukatika upesi na kuachwa yametapakaa chini ya taa, chungu mwenye mabawa ana ya mbele makubwa na ya nyuma madogo.

Lakini tofauti kubwa haionekani sahanini, imo nyumbani mwao. Mtoto wa chungu huzaliwa funza asiye na miguu, hulala kimya kwa muda, kisha hutoka amegeuka chungu kamili, kama kiwavi anavyogeuka kipepeo. Mtoto wa mchwa hutoka katika yai akiwa mchwa mdogo mwenye miguu sita, naye hukua kwa kujivua ngozi mara kwa mara. Mende hukua hivyo hivyo, nanyi mlikumbuke neno hilo. Tena, wafanyakazi wa chungu wote ni wa kike, bali kwa mchwa wamo wa kike na wa kiume. Mume wa malkia wa chungu hufa mara baada ya harusi. Mfalme wa mchwa hukaa chumbani na mkewe miaka yao yote, na katika wadudu ni wachache wenye ndoa ndefu kama hiyo.

Sasa, ukitaka kujua mchwa wako ni wa nyumba gani, usimtazame mfanyakazi. Wafanyakazi wanafanana kama punje za mchele. Mtafute askari, maana yeye amebeba silaha yake kichwani, na kila nyumba ina silaha yake.

Mchwa wakubwa wajengao vichuguu virefu, ambao wataalamu huwaita Macrotermes, wana askari wa namna mbili, wakubwa na wadogo, wenye kichwa cha rangi ya kahawia na meno yaliyopinda kama mundu. Askari mkubwa akikuuma kidoleni hutoa damu, na hata ukimkata mwili kichwa hakiachi. Askari wote hawa ni majike. Wafanyakazi wakubwa ni madume, na wafanyakazi wadogo ni majike tena. Meno ya askari yamekuwa makubwa kiasi ambacho hawezi kula mwenyewe, hulishwa na wafanyakazi kama mtoto. Mchwa wa Odontotermes ni wadogo kuliko hao. Askari wao ana jino dogo lililochomoza ndani ya taya la kushoto, na akiuma hutoa mate ya rangi ya kahawia. Wale wa Microtermes ni wadogo zaidi, askari wao ni kitu duni cha kutazamwa kwa kioo, lakini msimdharau, nitamrudia mbele. Na yuko mchwa wa mbao kavu aitwaye Cryptotermes. Askari wake hana haja ya kuuma. Kichwa chake ni kifupi, kigumu, kimekatwa wima kwa mbele kama kizibo cha chupa, na adui akija yeye huingiza kichwa katika tundu la mbao akaliziba. Ziko nchi za joto ambako askari wa mchwa wengine hawana meno ya maana kabisa. Wana pua ndefu kama mdomo wa birika, na humo hurusha utomvu unaonata unaomgandisha chungu pale aliposimama.

Basi wote hawa ni ndugu wa nani? Ndugu wa chungu ni nyigu na nyuki. Ndugu wa mchwa ni mende. Najua wapo watakaocheka. Sisemi kwamba mchwa alizaliwa na mende wa jikoni. Mende wa jikoni ni binamu. Nasema kwamba ukichora mti wa nasaba ya mende wote wa ulimwengu, mchwa ni tawi moja la mti huo, wala si mti mwingine. Na vunjajungu, anayetisha watoto kwa mikono yake ya kuomba dua, ni mtoto wa ami yao wote.

Jambo hili lilianza kushukiwa zamani. Katika misitu ya milima ya Marekani yuko mende asiye na mabawa aitwaye Cryptocercus, anayekaa ndani ya magogo yaliyooza na kuyala. Baba na mama hukaa pamoja na watoto wao kwa miaka, jambo ambalo mende wetu hawalijui. Mwaka 1934 mtaalamu wa Marekani, L. R. Cleveland, na wenziwe walitoa kitabu kikubwa juu ya mende huyo. Tumboni mwake walikuta vijidudu visivyoonekana kwa macho matupu, ndugu wa vile vilivyomo tumboni mwa mchwa wa mbao. Vijidudu hivyo ndivyo viyeyushavyo mbao. Cleveland alikuwa amekwisha onyesha miaka ya nyuma kwamba mchwa wa mbao akiondolewa vijidudu vyake hufa kwa njaa, hali mbao imemjaa tumboni.

Na hapa pana siri ya ujamaa wa mchwa. Mtoto hazaliwi na vijidudu hivyo. Hupewa na wakubwa wake, kwa kula kitokacho nyuma yao (haipendezi kusimulia wakati wa chakula, lakini ndivyo ilivyo), na kila akijivua ngozi huvipoteza, akahitaji kupewa tena. Mdudu wa namna hiyo hawezi kuishi peke yake. Lazima akae karibu na wazee na ndugu. Kutoka katika haja hiyo ya tumbo wataalamu wengi huona chanzo cha miji mikubwa ya mchwa yenye mfalme, malkia na majeshi.

Ushahidi mwingine uko kaskazini ya Australia. Huko yuko mchwa aitwaye Mastotermes, aina moja tu iliyosalia katika ukoo ambao zamani ulienea hata Ulaya na Marekani, kama mabaki yaliyogeuka mawe yanavyoonyesha. Huyu amesahau kuacha desturi za babu zake. Mayai yake huyataga kwa mafungu yaliyogandishwa pamoja safu mbili, mfano wa kile kijisanduku cha mayai tunachokikuta nyuma ya kabati, cha mende. Na bawa lake la nyuma lina kipande kipana kinachokunjwa, kama la mende. Mwisho, mwaka 2007, wataalamu watatu wa London, Daegan Inward, George Beccaloni na Paul Eggleton, walilinganisha chembe za urithi za mchwa, mende na vunjajungu wa aina nyingi. Jibu likatoka wazi: mchwa wamo ndani ya mende, na jirani yao wa karibu kabisa ni yule Cryptocercus wa magogoni. Daraja la peke yao ambalo mchwa walipewa vitabuni kwa miaka mingi likafutwa.

Leo aina za mchwa zinazojulikana ulimwenguni ni kama 3,000. Sitazihesabu. Kwa mkulima wa visiwa hivi inatosha kujua nyumba mbili.

Nyumba ya kwanza ni ya mchwa wa mbao kavu. Hawa hawahitaji udongo wala maji. Jamii yote, mfalme na malkia na watoto, hukaa ndani ya boriti, mlango au sanduku, na hesabu yao haifiki mbali, mamia au maelfu machache. Hawana wafanyakazi wa kudumu. Kazi hufanywa na watoto waliokwisha pata nguvu. Utawajua kwa mavi yao, makavu, kama chembe za mchanga, na kila chembe ina pande sita kana kwamba imechongwa na fundi. Ukiona kijilundo cha chembe hizo chini ya boriti la ghala lako, usikimbilie kuchimba shambani. Mchwa wako yumo juu ya kichwa chako.

Nyumba ya pili ni ya mchwa wa udongo, na kati yao wanaotuhusu sana ni wakulima. Nasema wakulima kwa maana yake halisi. Hawa wamepoteza vile vijidudu vya tumboni vya babu zao, na badala yake wamejifunza kulima kuvu. Wataalamu wanakadiria kwamba kilimo hicho kilianza hapa Afrika, mara moja tu, kiasi cha miaka milioni 30 iliyopita, na mchwa wote wakulima wa Afrika na Asia ni kizazi cha walioanza. Mfanyakazi hula kuni, majani makavu na magome, huyapitisha tumboni upesi bila kuyamaliza, kisha huyaweka chini ya ardhi kwa umbo la sega lenye mikunjo, kama sponji la kuogea. Juu ya sega huota kuvu iitwayo Termitomyces, nayo hutoa vijidonge vyeupe mfano wa lulu ndogo. Vijidonge huliwa, na sega lenyewe likiisha lainishwa na kuvu huliwa pia, kutoka chini, huku juu likiongezwa. Kichuguu kwa mchwa ni ghala, kitalu na nyumba pamoja. Matundu na kuta zake huweka joto la ndani karibu na digrii 30, mchana na usiku, masika na kaskazi. Wakati wa mvua kuvu ile huchomoza juu ya ardhi ikawa uyoga mkubwa mweupe.

Katikati ya kichuguu pana chumba cha udongo mgumu. Humo amelala malkia, tumbo limevimba hadi urefu wa kidole cha mtu au zaidi, akitaga maelfu ya mayai kwa siku, na mfalme ubavuni pake. Matundu ya chumba huwapitisha wafanyakazi tu. Yeye hatoki tena.

Sasa nije kwenye visiwa, jambo ambalo mimi hulipenda kuliko yote. Mchwa ni mdudu laini, akikaa juani kwa muda mfupi hukauka. Kumbikumbi si mrukaji hodari. Upepo mdogo humtupa. Alivukaje bahari?

Kwa Unguja jibu ni rahisi: hakuvuka. Mkondo ulio kati ya Unguja na Mrima kina chake ni makumi ya mita tu. Miaka kama 20,000 iliyopita maji mengi ya dunia yalikuwa yamegandamana katika barafu, na bahari ilikuwa chini kuliko sasa kwa mita kama 120. Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Mchwa walikuja kwa njia yao ya chini kwa chini, kizazi baada ya kizazi, kama chui alivyokuja kwa miguu yake. Pemba ni habari nyingine. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na hata bahari iliposhuka vile, maji yalibaki katikati. Chui hakufika Pemba. Mchwa walioko Pemba, basi, ama wazee wao walikuwamo kisiwani tangu kabla hakijatengwa, ama walivuka maji, kwa upepo, kwa magogo ya mafuriko, au kwa vyombo vya watu pamoja na mbao na miche.

Katika kuvuka bahari, nyumba zile mbili hazilingani. Mchwa wa mbao kavu husafiri ndani ya chakula chake. Gogo likielea majuma mengi, yeye yumo ndani anakula. Sanduku la msafiri likipakiwa melini, yumo. Mlima Krakatau ulipolipuka mwaka 1883 katika visiwa vya Indonesia na kuua kila kiumbe pale, mchwa walioweka makao tena baadaye walikuwa hasa wale wakaao ndani ya mbao. Bali mkulima wa kuvu ana tabu. Hawezi kuishi bila shamba lake, na shamba lake limebaki nyumbani.

Hebu fikirini. Katika aina nyingi za mchwa wakulima, kumbikumbi huruka bila mbegu ya kuvu. Mfalme na malkia wapya huchimba, huzaa, na wafanyakazi wa kwanza hutoka nje kutafuta mbegu zilizotawanywa na uyoga wa vichuguu vya jirani. Kama wametua katika kisiwa kisicho na kuvu hiyo, watatafuta, watakosa, na nyumba itakufa. Lakini makundi mawili hubeba mbegu yao. Katika Macrotermes bellicosus ni bwana harusi anayeibeba tumboni. Katika Microtermes, wale wadogo niliosema msiwadharau, ni bibi harusi.

Na sasa tazameni Bukini, yaani Madagaska, wauzaji wenzetu wa karafuu. Kisiwa kile kiko mbali na bara kiasi cha kilomita 400 pale penye njia nyembamba kabisa. Bara la Afrika lina mchwa wakulima wa koo nyingi, wakubwa kwa wadogo. Bukini ukoo uliofika ni wa Microtermes tu. Mwaka 2010 Tânia Nobre, Paul Eggleton na Duur Aanen walitoa matokeo ya kulinganisha chembe za urithi za mchwa hao. Wakaona kwamba wote wa Bukini ni kizazi cha safari moja, iliyofanyika kiasi cha miaka milioni 13 iliyopita, na wasafiri walikuwa wa kundi lile ambalo mke hubeba mbegu. Majitu yajengayo vichuguu kama nyumba hayakuweza kufika yakaishi. Aliyeweza ni yule mdogo aliyetia mbegu tumboni kabla ya kuondoka. Walipozitazama na kuvu zenyewe wakaona kwamba zimefika Bukini zaidi ya mara moja. Mchwa alitangulia akafungua shamba, na kuvu nyingine zilipofika baadaye zikamkuta mwenyeji wa kuzitunza.

Turudi mkarafuuni. Huu ni mti mgeni kwetu, asili yake Maluku, nao ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa mchwa miaka 200 si kitu, na hakuna kilichomfundisha kumwogopa mgeni huyu mwenye harufu kali. Hata hivyo mchwa mkulima hapendelei mti mzima wenye nguvu. Anachotafuta ni kuni zilizokufa za kupeleka segani. Huingia pale mlango ulipofunguliwa: kisiki cha tawi lililokwanyuliwa na mchumaji mwenye haraka, jeraha la panga shinani, mzizi uliokufa. Akiisha kuingia hula moyo wa mti, na mti hubaki ganda mpaka upepo wa kusi uuangushe. Miche ni shauri jingine. Wakati wa ukame huilia gome pande zote pale shina linapotoka ardhini, na mche hunyauka kwa siku chache.

Lakini si kila mkarafuu uliokufa umeuawa na mchwa. Mti mkubwa uliokuwa mzima, ukiona majani yanageuka rangi yote pamoja na kupukutika kwa muda mfupi, huo ni ugonjwa wa kufa ghafla. F. J. Nutman na F. M. Roberts, waliouchunguza hapa Visiwani katika miaka ya 1950, walionyesha kwamba chanzo chake ni kuvu iitwayo Valsa eugeniae, ishambuliayo mizizi. Mchwa huja baadaye, kama kunguru kwenye mzoga. Mwenye shamba huwaona mchwa, haioni kuvu, akatoa hukumu kwa aliyemkuta.

Juu ya dawa nitasema kidogo. Katika miaka ya 1950 na 1960 iliyosifiwa ulimwenguni kwa mchwa ilikuwa dieldrin. Iliwaua kweli, lakini hukaa udongoni miaka mingi, na huingia katika mafuta na maziwa ya wanyama na ya watu. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliipiga marufuku. Mtu akikuletea leo dawa ya mchwa katika chupa isiyo na karatasi, akakunong'oneza kwamba ni "ile ya zamani", mwache aende nayo.

Kwa mchwa wa vichuguu jembe bado lina kazi. Kichuguu kichimbwe mpaka chumba cha malkia kipatikane, atolewe yeye na mfalme, na masega yatawanywe juani. Kukata kilele cha kichuguu peke yake ni kuwapa wafanyakazi kazi ya wiki moja. Chini ya mikarafuu pasilundikwe kuni wala matawi makavu. Tawi lililovunjika likatwe karibu na shina, kwa msumeno, si kwa panga, na mchumaji anayekwanya apewe mti wa mtu mwingine (natania, lakini si sana). Vile vijia vya udongo vipandavyo shinani vivunjwe kila vinapoonekana. Boriti la ghala lenye mavi ya pande sita litolewe lichomwe, kabla kumbikumbi wake hawajaruka kwenda la pili.

Na majimoto waachwe? Wachumaji watanilaani nikisema ndiyo. Ni kweli huuma, na ni kweli katika mkarafuu huwafuga wadudu wa magamba wanaonyonya utomvu, kama M. J. Way alivyoonyesha kwa uchunguzi wake hapa katika miaka ya 1950. Lakini katika minazi yako majimoto humfukuza yule mdudu anayetoboa nazi changa zikapukutika, na chini ya mkarafuu hula mchwa kila wanapomkuta. Mimi huviondoa viota vya matawi ya kuchumwa peke yake, siku ya kuchuma, na vingine huviacha.

Mwanachama atakayetaka kujua mchwa wake ni wa nyumba gani alete askari watano, si wafanyakazi, katika kichupa chenye spiriti. Atie ndani kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli, maana wino huyeyuka: jina la shamba, tarehe, na mahali alipowakuta, kichuguuni, chini ya gome, au ndani ya boriti. Wakiruka kumbikumbi baada ya mvua, aandike na saa waliyoruka, kwa kuwa kila aina ina saa yake, wengine magharibi, wengine usiku, wengine alfajiri. Wanachama wa Pemba tutawashukuru zaidi, kwa sababu zilizoelezwa juu.

Bwana wa kopo ameleta kichupa cha kwanza. Askari wake ni wa namna mbili, wakubwa kwa wadogo, vichwa vya kahawia, Macrotermes bila shaka. Tulikwenda pamoja kukitafuta kichuguu, na tulikikuta ndani ya kichaka cha jirani, hatua sitini kutoka mkarafuu wa kwanza ulioanguka.